Rangi Ni Matokeo: Mhadhara wa Umma juu ya Madoa ya Ngozi na Tiba Yake

Hoja yangu jioni hii ni moja. Doa jeusi usoni ni matokeo, na anayelitibu kwa kuifukuza rangi huku chanzo kikiendelea humwachia mgonjwa ngozi mbaya kuliko aliyokuja nayo. Seli zinazotengeneza melanini hazizidiani sana kwa idadi kati ya mtu mweusi na mweupe. Kinachotofautiana ni wingi, ukubwa na mpangilio wa vifuko vya rangi ambavyo seli hizo huvigawa kwa seli jirani. Katika ngozi nyeusi, seli hizo huchokozeka upesi. Chunusi iliyotumbuliwa, pumu ya ngozi, wembe wa kidevuni, hata krimu inayowasha, vyote huzichochea kuongeza rangi. Rangi ikibaki tabaka la juu, ambalo hujibadilisha kwa mwezi mmoja na ushei, doa la kahawia hufifia kwa miezi. Uvimbe ukiwa mkali, melanini huteremka chini, seli za kinga huimeza, na doa la kijivu linalobaki huweza kukaa miaka. Hapo krimu ya kupaka haina la kufanya, au inalo kidogo sana.

Mabaka ya melasma, yale ya mashavuni na kwenye paji la uso, yana vichocheo vingine: urithi, ujauzito, vidonge vya uzazi wa mpango na, zaidi ya vyote, jua. Wapo wanaosema ngozi nyeusi inajikinga yenyewe. Kwa kuungua na kwa saratani, wana haki kubwa. Kwa madoa, hapana. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 ulionyesha kwamba mwanga wa kawaida, huu tunaouona kwa macho, huizidishia weusi ngozi yenye rangi, ilhali ngozi nyeupe sana haikubadilika. Losheni nyingi za kinga ya jua huzuia miali ya urujuanimno lakini huupitisha mwanga huo. Zenye oksidi ya chuma, zile zenye rangi ya udongo, huupunguza. Kofia pana na mtandio pia ni tiba, na bei yake haitishi.

Sasa mkorogo, yaani krimu za kujichubua ngozi. Ndani yake mara nyingi mna zebaki, haidrokwinoni au steroidi kali, pengine vyote pamoja. Zebaki hukidhoofisha kimeng'enya kinachotengeneza melanini, kisha huingia mwilini na kudhuru figo. Steroidi huing'arisha ngozi kwa majuma, halafu huikondesha, huleta michirizi na chunusi, na siku ikiachwa uso hulipuka. Haidrokwinoni ina kisa cha peke yake: mwaka 1975 daktari Findlay wa Pretoria alieleza wanawake waliotumia krimu zenye dawa hiyo muda mrefu wakaota weusi wa samawati usoni, pale pale walipotaka weupe. Afrika Kusini iliipiga marufuku katika vipodozi mwaka 1990.

Mtu makini atauliza: mbona madaktari huiandika? Ni kweli. Mwaka huo huo wa 1975, Kligman na Willis walichapisha mchanganyiko wa haidrokwinoni, tretinoini na steroidi ambao hadi leo ni mzizi wa tiba ya melasma. Tofauti ni kipimo, muda wa miezi michache, kinga ya jua, na jicho la daktari linalojua wakati wa kusimamisha. Ipo pia asidi ya azelaiki, polepole lakini salama hata kwa mjamzito. Marufuku peke yake haitoshi, kwani mgonjwa anayeambiwa kliniki kuwa hiyo ni rangi tu hutoka hapo akaelekea dukani kununua mkorogo. Kuitibu chunusi mapema ni kulitibu doa kabla halijazaliwa.

Mantiki hiyo hiyo, ya kutafuta chanzo kwanza, inashika pale rangi inapopungua. Baka lililopauka linaweza kuwa mbalanga, fangasi, au ukoma. Kabla ya krimu yoyote, liguswe kwa unyoya wa pamba mgonjwa akiwa amefumba macho. Asipohisi kitu, ukoma ndio wa kushukiwa kwanza, na dawa zake hutolewa bure.