Kupanda Theluji na Mbwa



Mlima Washington, huko New Hampshire, Marekani, una mita 1,917. Haufiki hata theluthi moja ya Kilimanjaro. Lakini mwaka 1934 upepo wa kileleni ulipimwa kilomita 372 kwa saa.

Nikiwa masomoni huko, nilipanda siku moja ya Desemba na mwenyeji wangu na mbwa wake, tumevaa viatu vya theluji, vipana kama nyungo, tusizame. Penye misonobari mbwa akaketi. Barafu ilikuwa imeganda baina ya vidole vyake, damu inatoka. Kilele tulikiona. Mwenyeji akatazama saa. Mwezi ule jua huzama kabla ya saa kumi na nusu. Akageuka bila neno. Tulimbeba kwa zamu, kilo 30 hizo, mpaka garini.