Raia wa kawaida na siasa: tufanye nini bila kushika jiwe?

Maneno tuliyosema mbele ya familia zilizohama makwao na viongozi wa mitaa, Likasi



Tulipotangaza kwamba leo tutazungumza juu ya siasa, mama mmoja alitushika mkono mlangoni akatuuliza: «Wanangu, siasa ndiyo iliyotufukuza kwetu. Sasa mnataka turudi ndani yake?» Swali lake ni la haki. Tunaomba tuanze nalo.

Wengi wenu mmetoka Mitwaba, Pweto na Manono, kwa sababu ya Mai-Mai. Wengine mmetoka Kasai baada ya vita vya Kamwina Nsapu vya 2016 na 2017. Na mji huu wenyewe una kidonda chake. Tangu mwaka 1992, chini ya siasa ya chama cha UFERI, jirani alimfukuza jirani kwa sababu ya asili yake. Maelfu ya watu wenye asili ya Kasai walilala kwenye stesheni ya Likasi miezi na miezi, wakingoja gari la moshi. Wengi walikufa pale na njiani, hasa watoto. Hatutaji haya ili tukwangue kidonda. Tunayataja kwa sababu yanatufundisha jambo moja: vijana waliorusha mawe walitumwa na watu wengine, na kazi ilipokwisha walibaki maskini kama walivyokuwa.

Kwa hiyo, mama, jibu letu ni hili. Ile ya 1992 ilikuwa siasa ya wakubwa iliyofanywa kwa mikono ya wadogo. Tunayoisema leo ni siasa ya raia mwenyewe: kujua haki yake, kuiomba kwa sauti, na kufuatilia mpaka ajibiwe. Ukiiacha siasa, yenyewe haikuachi. Bei ya unga, maji ya bomba, mwalimu wa mtoto wako, kiwanja unacholalia, vyote vinaamuliwa na mtu fulani mahali fulani. Afadhali akujue.

Mji huu unajua kudai. Mnamo Desemba 1941 wafanyakazi wa Union Minière wa Shituru na Panda waligoma wakitaka nyongeza ya mshahara, na wengine waliuawa. Tarehe 9 Desemba, kule Lubumbashi, askari waliwapiga risasi wagomaji waliokusanyika uwanjani, pamoja na msemaji wao Léonard Mpoyi. Wazee wale hawakuwa na sheria ya kuwalinda. Sisi tunayo. Tutaje njia tano za kuitumia.

Ya kwanza: uandikwe. Mtu asiyeandikwa popote, Leta haimwoni. Ukifika kwenye mtaa mpya, nenda kwa shefu wa mtaa umwambie jina lako na watu wa nyumba yako. Kama vitambulisho vilipotea njiani, omba kwenye komini cheti cha kupotelewa. Mtoto akizaliwa, mwandikishe kabla ya siku 90 kupita. Sheria inasema ni bure. Zikipita, itakubidi utafute hukumu ya mahakama, na safari hiyo ni ndefu. Na kadi ya uchaguzi inakufunga kwenye kituo ulikojiandikisha. Basi Tume ya Uchaguzi itakapofungua tena uandikishaji, aliyehama ajitokeze mahali anapoishi sasa. Kuhama hakukuondolei haki ya kupiga kura. Kanuni za Umoja wa Mataifa za 1998 juu ya wahamaji wa ndani zinasema hivyo waziwazi.

Ya pili: ukae kwenye mkutano. Shefu wa mtaa anapoita watu, au mnapotoka kufanya Salongo, msibaki nyumbani mkisema «sisi ni wageni». Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, kifungu cha 30, inampa mtu haki ya kukaa popote katika nchi hii. Keti, sikiliza, kisha uulize swali moja tu lililo wazi: feza ya kazi hii ni kiasi gani, nani anaishika, kazi itakwisha lini? Nanyi mashefu, mwiteni aliyehama kama mnavyomwita mwenyeji. Anayealikwa mezani hana sababu ya kuchukua silaha.

Ya tatu: mwandike pamoja. Hii ndiyo njia tunayoipenda kuliko zote, kwani haihitaji feza nyingi wala elimu kubwa. Kifungu cha 27 cha Katiba kinasema kila Mkongomani, peke yake au pamoja na wenzake, ana haki ya kupeleka ombi kwa wakuu, na wakuu wanapaswa kujibu katika miezi mitatu. Kinaongeza kwamba mtu hawezi kushtakiwa kwa sababu ya kufanya hivyo.

Barua iwe na jambo moja, si kumi. Iseme tatizo ni nini, liko wapi, tangu lini, na mnaomba nini. Kila mmoja atie sahihi; asiyejua kuandika aweke alama ya kidole. Tengenezeni nakala mbili. Moja inabaki ofisini, ya pili mrudi nayo ikiwa na muhuri na tarehe ya kupokelewa. Bila tarehe ile, ni vigumu kuonyesha miezi mitatu ilianza lini.

Hapa tukiri kosa letu. Miaka ya nyuma, familia za barabara moja zilitueleza kwamba watoto wao wamekosa vyeti vya kuzaliwa. Tuliwaandikia sisi wenyewe barua yenye Kifaransa kizuri, ikawa na muhuri wa shirika letu, lakini haikuwa na jina la mzazi hata mmoja. Ofisi iliyoipokea haikujibu. Tulipouliza, tuliambiwa hawajui ni watoto wa nani. Mradi ulikwisha, barua ikasahauliwa, na wale watoto wakakaa mwaka mwingine bila karatasi.

Mwaka uliofuata akina mama wenyewe walikaa chini ya mwembe wakaandika barua ya Kiswahili, ukurasa mmoja, majina ya watoto na tarehe zao, na vidole vyao chini. Waliipeleka wote kwa pamoja. Mtu mmoja aliwaomba matabishi. Mmoja wao akamjibu kwa heshima: «Baba, tutalipa kama utatuandikia risiti.» Yule baba akanyamaza, akapiga muhuri. Walirudi kila baada ya wiki mbili kuuliza. Mwishoni watoto wengi walipata karatasi zao. Wachache bado wanangoja mahakama, na mama zao wako hapa leo. Wazee walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Sisi tulijifunza pia kwamba kidole cha shirika hakiwezi kukaa mahali pa kidole cha mzazi.

Ya nne: mseme hadharani, kwa amani. Redio za hapa mjini zina vipindi vya wasikilizaji. Jipangeni nani atasema na atasema nini. Na kama mnataka kuandamana, kifungu cha 26 kinasema waandalizi wawaarifu wakuu kwa maandishi. Kuarifu si kuomba ruhusa, lakini ni lazima. Chagueni watu wa kulinda utulivu, na atakayeshika jiwe atolewe mara moja. Hatutawadanganya kwamba hakuna hatari. Wakati wa maandamano ya Wakatoliki walei, kuanzia tarehe 31 Desemba 2017 hadi Februari 2018, watu waliuawa. Rossy Mukendi alipigwa risasi Kinshasa tarehe 25 Februari 2018. Kwa hiyo, pimeni vizuri, na msiwatangulize watoto. Vijana wa LUCHA, walioanza Goma mwaka 2012, walidai maji na kazi bila kushika silaha, na wengi walifungwa. Mtu aende akijua, asisukumwe.

Ya tano: muangalie kura zenu. Kanga na bia za kampeni zinakwisha kwa siku moja. Mbunge anakaa miaka mitano. Kabla ya kura, mwalikeni mgombea aeleze atafanya nini juu ya maji au shule. Andikeni ahadi yake. Baada ya kura, mpelekeeni karatasi ile ile.

Neno kwa vijana. Siku moja atakuja mtu na gari zuri, atawapa feza kidogo na kuwaonyesha nyumba ya jirani. Mwulizeni mtoto wake mwenyewe yuko wapi siku hiyo. Mkisikia yuko masomoni mbali na hapa, mmekwisha kupata jibu.

Tunaachana kwa kazi ndogo. Kabla ya mkutano wetu ujao, kila barabara ichague watu wawili, mwanamke na mwanaume, mmoja mwenyeji na mmoja aliyehama. Wakubaliane juu ya tatizo moja tu, waliandike kwenye ukurasa mmoja, na waje nao hapa. Sisi tutaleta karatasi, kalamu na wino wa vidole. Sahihi zitakuwa zenu.