Gabès, Mji wa Mitende Kando ya Bahari

Jioni hii twataka kuwachukua safarini hadi Afrika ya Kaskazini, katika nchi ya Tunisia, ili tuutazame mji uitwao Gabès. Wenyeji wenyewe husema Qabis. Mji huo uko kando ya Bahari ya Mediterania, yapata kilomita 400 kusini ya Tunis, mji mkuu wa nchi ile.

Wengi wetu tusikiapo habari za oasisi, yaani mahali penye maji na miti katika nchi ya jangwa, hudhani kuwa ni kisima kimoja, mitende mitatu, na ngamia aliyelala mchangani. Sisi nasi tulidhani hivyo. Tena tulidhani ya kuwa oasisi ni zawadi ya Mungu ambayo mwanadamu huipokea akiwa ameketi kivulini. Mawazo hayo yote mawili tuliyaacha huko Gabès, na jinsi tulivyoyaacha ndiyo habari yetu ya leo.

Tulikwenda kwa gari la moshi. Ukiupita mji wa Sfax, utaona mashamba ya mizeituni iliyopandwa kwa mistari iliyonyoka, mti na mti mbalimbali sana, maana mvua ni haba na kila mzizi wahitaji nafasi yake. Kisha hata mizeituni yapungua, na nchi inabaki kavu, ya rangi ya udongo uliochomwa. Ndipo ghafula waona mbele yako ukuta wa kijani, na nyuma ya ukuta huo bahari. Mitende huteremka kutoka bara hadi karibu na pwani. Oasisi zilizo bara ni nyingi katika nchi zile, lakini oasisi iliyo ufukweni ni jambo la nadra sana.

Wasikilizaji wetu wa pwani watapenda kusikia jambo moja la bahari ile. Sehemu nyingi za Mediterania maji kujaa na kupwa hayaonekani sana, hata mgeni aweza kukaa siku nyingi asitambue. Lakini Ghuba ya Gabès ni pana, wala haina kina kirefu, na kwa hiyo maji hupanda na kushuka hata kufikia karibu mita mbili wakati wa bamvua. Wavuvi wa huko huzihesabu saa za maji kama wavuvi wa Lamu na Bagamoyo.

Siku ya kwanza tulitembea katika soko la Jara, mtaa wa kale. Pale pana vikapu, kofia na vipepeo vilivyosukwa kwa makuti ya mtende, na pana mafungu ya pilipili na bizari. Juu ya yote pana hina, iliyosagwa na kurundikwa kama vichuguu vya kijani, kwani hina ya Gabès ina sifa katika Tunisia nzima. Asubuhi mapema huuzwa maji ya mtende, yaitwayo legmi, yaliyogemwa usiku. Yakinywewa mapema ni matamu. Yakicheleweshwa mpaka jua kali huchachuka. Mgema wa mnazi hahitaji kuelezwa habari hiyo.

Siku ya pili mwalimu mmoja wa mji ule alituongoza kwenda Chenini, nje kidogo ya mji, ambako ndiko kwenye bustani zenyewe. Tuliingia katika njia nyembamba yenye kuta za udongo, na mara joto likapungua. Ndipo tulipoona namna watu wale walimavyo. Mtende husimama juu kama mwavuli. Chini yake pana mkomamanga, mtini na mzabibu. Chini ya hiyo, ardhini, pana mboga, hina, na majani ya mifugo. Ni mashamba matatu, moja juu ya jingine, katika ardhi moja. Jua kali hupokewa na mtende. Linalopenya latosha mkomamanga. Na linalobaki halidhuru mboga. Unyevu nao haupotei upesi.

Tuliuliza kama tende za pale ni bora. Mwenyeji wetu alicheka, akasema hewa ya bahari ina unyevu mwingi mno kwa tende zilizo bora. Zile ziitwazo Deglet Nour hustawi bara, penye hewa kavu, kama Tozeur na Nefta. Basi hapa mtende hupendwa kwa kivuli chake kuliko kwa tunda lake. Ukiukata mtende, umewaua walio chini yake.

Mpango huu si wa jana. Plinius, mwandishi wa Rumi aliyekufa mwaka 79 baada ya Kristo, aliandika habari za mji huu, ambao zamani zile uliitwa Tacape. Alieleza jinsi mzeituni ulivyopandwa chini ya mtende, mtini chini ya mzeituni, kisha mkomamanga, na mzabibu, na ngano, na jamii ya kunde, na mboga, kila kimoja kikitunzwa na kivuli cha mwenzake. Tena akaandika ya kuwa chemchemi ilikuwa na maji tele, lakini maji hayo yaligawanywa kwa watu kwa saa maalumu. Yaangalieni maneno hayo, wasikilizaji. Maji yalikuwa tele, na hata hivyo yaligawanywa.

Sasa tuwasimulie kosa letu. Tulipokuwa tukitazama makomamanga juu, hatukutazama miguu yetu, na mmoja wetu akakanyaga tuta dogo la udongo kando ya mfereji. Tuta likabomoka. Maji yakaacha njia yake, yakakimbia kuingia shamba la jirani. Mzee mwenye zamu alipaza sauti, akaja mbio na jembe lake la mpini mfupi. Nasi tukasimama tumeduwaa kwa aibu. Lakini jambo lililotushangaza ni hili: jirani naye alikuja mbio, akapiga magoti, akaanza kuziba kwa mikono yake yale maji yasiingie shambani mwake. Mboga zake zilikuwa zimenyauka. Tuliziona kwa macho yetu. Angaliweza kusimama tu akatazama, na hakuna ambaye angalimlaumu, kwani kosa lilikuwa la wageni.

Tuta lilipokwisha tengenezwa tuliomba radhi. Tukamwuliza yule jirani, kwa kinywa cha mwenyeji wetu, kwa nini hakuyaacha maji yaingie japo kidogo. Alijibu kwa maneno machache: "Hayakuwa yangu. Zamu yangu ni kesho kutwa."

Hapo tulifahamu ya kuwa bustani ile haikujengwa kwa maji peke yake. Ilijengwa kwa neno "zamu". Ndugu zetu wa Kilimanjaro, walio na mifongo ya kuleta maji kutoka mlimani, wajua maana ya neno hilo. Mfereji ni udongo tu. Aweza kuuvunja mtoto kwa kidole cha mguu. Kinachoulinda ni ahadi ya watu.

Lakini haitakuwa haki kuwasifia Gabès kana kwamba hakuna msiba. Mzee yule alituchukua hadi mahali ilipokuwapo chemchemi zamani. Tulikuta mawe na majani makavu. Katika karne ya 20 vilichimbwa visima virefu vya mashine kwa ajili ya mji uliokua, mashamba mapya, na viwanda; na maji ya chini yalipozidi kuvutwa, chemchemi zilizokuwa zikibubujika zenyewe zilipungua, kisha zikakauka. Leo maji ya bustani huvutwa na pampu, chama cha wakulima huyagawa kwa saa, na kila mmoja hulipia saa zake. Wakati wa kiangazi zamu huchelewa sana. Vijana wengine wameacha jembe, na viwanja vingine vimejengwa nyumba.

Tena, tangu mwaka 1972 kando ya mji pana viwanda vikubwa vya fosfati. Mawe ya fosfati huletwa kwa reli kutoka nchi ya Gafsa, hutiwa asidi kali, na hutoka mbolea ipelekwayo nchi nyingi. Lakini kazi hiyo huacha takataka nyingi. Kwa kila tani moja ya asidi ya fosfati hubaki takriban tani 5 za matope ya jasi. Kwa miaka mingi matope hayo yalimwagwa katika ghuba. Majani ya chini ya bahari, ambamo samaki huzaa na kulelewa, yameharibika mahali pengi, na wavuvi hulalamika kuwa nyavu ni tupu. Mwezi wa Oktoba 2025, baada ya wanafunzi kupatwa na dhiki ya pumzi kwa sababu ya moshi, maelfu ya watu wa mji waliandamana wakidai viwanda viondolewe. Wengine nao hupata riziki yao humo, na neno hilo hulifanya shauri kuwa gumu. Mzee wetu alisema kwa utulivu kuwa mbolea ile hustawisha mashamba ya mbali, huku bustani iliyo karibu nayo ikikohoa.

Tulimwuliza kama atauza shamba lake. Hakujibu mara moja. Alikwenda kwenye mtende mchanga, mrefu kama mtoto wa shule, akaondoa makuti makavu chini yake. Kisha akasema kuwa aupandaye mtende hapandi kwa ajili yake mwenyewe, na kwamba yeye aliyekula kivuli cha babu yake ana deni. Tuliagana naye hapo.

Jioni tulisimama ufukweni. Maji yalikuwa yakipwa. Upande mmoja tuliona mitende ikiwa myeusi mbele ya machweo, na upande wa pili moshi wa viwanda ukipanda. Mji mmoja, na mambo hayo mawili mbele ya macho mamoja. Majeshi mengi yamepita hapa: Warumi, Waarabu, Wafaransa waliouteka mwaka 1881, na Waingereza waliouingia mwezi wa Machi 1943 baada ya vita vya Mareth. Wote hao walikuta bustani, wakaondoka wakaiacha bustani. Adui wa leo haji na bunduki. Anakuja kidogo kidogo, kwa maji yanayovutwa bila hesabu na takataka zinazotupwa bila kuulizana.

Basi, enyi wanafunzi mnaotusikiliza au kuyasoma maneno haya, twawapa kazi ndogo. Nendeni kwa wazee wenu mkawaulize: mfereji wetu, au kisima chetu, kilichimbwa na nani? Zamu zake ziliwekwaje? Na mtu aliyeivunja zamu alifanywa nini? Andikeni majibu katika madaftari yenu kabla wazee hawajatutoka. Huko Chenini tulimwona mtu mwenye shamba kavu akiyazuia maji kwa mikono yake miwili kwa sababu si zamu yake. Tungependa kujua kama kwenu yupo mtu kama huyo, na jina lake ni nani.