Munyu tunaotia chunguni: ni wa namna gani, na unatufanyia nini

(Maneno ya kamati ya afya kwenye mkutano wa wanachama, Kalemie. Tunayachapa kwa ajili ya wale ambao hawakufika, na kwa wale waliofika wakaomba wayasome tena nyumbani.)



Kamati ya afya iliombwa kusema juu ya munyu. Wengine walicheka waliposikia: "Munyu nao inaomba mkutano?" Tunaomba mtuvumilie. Tukifungua daftari ya kese yetu ya kusaidiana, tunaona feza zinatoka kwa sababu zilezile: mtu mzima ameanguka, amepooza upande mmoja, mama mwenye mimba ana tansio, mtoto ameharisha usiku, asubuhi macho yameingia ndani. Katika hayo yote munyu umo. Mara unaponya, mara unaua. Kinachotofautisha ni kipimo, na ni munyu gani.

Tuanze na jina. Sisi tuliokaa Nyarugusu na Lugufu tulirudi na neno "chumvi". Waliobaki hapa wanasema "munyu". Ni kitu kimoja, tusigombane. Na hata zamani munyu wetu mwingi ulitoka ng'ambo ileile. Pale Uvinza, karibu na mto Ruchugi unaoingia Malagarasi, kuna chemchemi za maji ya chumvi. Watu walikuwa wakiyachemsha kwa vyungu zaidi ya miaka 1000 iliyopita, na munyu ule ulivuka ziwa kwa mitumbwi kuja upande wetu kabla Mbelgiji na Mjerumani hawajachora mpaka. Kwa hiyo gunia likishuka bandarini kutoka Kigoma, linafuata njia ya mababu.

Sasa, munyu ni nini? Ni vitu viwili vilivyoshikana: sodiamu na klorini. Mwili hauwezi kuishi bila hivyo. Ndivyo vinavyoshika maji ndani ya damu, vinavyofanya mishipa ya fahamu na misuli, hata moyo, vifanye kazi. Lakini mwili unataka kidogo tu. Shirika la Afya Duniani, OMS, linasema mtu mzima asifikishe gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, na humo ndani mna gramu 2 za sodiamu. Mnakumbuka posho ya kambini? Kipimo cha kawaida cha munyu wa PAM kilikuwa gramu hizo 5 kwa mtu kwa siku, gramu 150 kwa mwezi. Tulinung'unika kwamba ni kidogo, na kwa mambo mengine ya posho tulikuwa na haki. Kwa munyu kilikuwa kipimo cha afya.

Tutembee sasa sokoni, tuangalie aina moja moja.

Ya kwanza ni munyu laini wa pakiti, wenye maandishi kwamba umetiwa iodini. Huo ndio tunaotaka uwe katika kila nyumba ya mwanachama.

Ya pili ni munyu wa mawe, ule mnene unaopimwa kwa kopo kutoka gunia lililo wazi. Mwingine una iodini, mwingine hauna, na kwa macho huwezi kujua. Wachuuzi wengi wananunua huo kwa kutia samaki. Kwa samaki, sawa. Kwa chungu cha watoto, hatuna hakika nao.

Ya tatu ni munyu wa majivu ambao mabibi zetu walichuja kutoka majani na maganda yaliyochomwa. Wengi wetu tuliutumia wakati wa kukimbia vita, porini, wakati hakukuwa na kingine. Ule una potasi nyingi kuliko sodiamu, na hauna iodini ya kutegemea. Mgonjwa wa figo asiuguse, maana figo zake hazitaweza kutoa ile potasi, na potasi ikizidi katika damu inasimamisha moyo.

Ya nne ni magadi na bikarbonate, zile tunazotia katika sombe ama maharagi viive mbio. Wengi hawazihesabu kama munyu. Lakini nazo zina sodiamu, na kwa mwenye tansio zinaongeza mzigo uleule.

Ya tano ni munyu unaojificha. Kipande cha maggi, kikishaingia chunguni, ni munyu umeingia. Makayabu ni munyu. Ndakala wa kukausha kwa chumvi, mikebuka ya chumvi, vyote ni munyu. Mama anatia maggi mbili, anatia samaki wa chumvi, halafu anaonja na kuongeza kijiko. Hapo nyumba imekula munyu mara tatu katika chungu kimoja.

Ya sita, kuna ule wa rangi ya waridi, na ule wa bahari, ambao watoto wetu wanaona kwenye simu wakiambiwa unaponya tansio. Si kweli. Sodiamu yake ni karibu sawa na ya munyu wa kawaida, na mara nyingi hautiwi iodini. Msipoteze franka zenu.

Tuseme juu ya iodini, maana hapo ndipo hasara inaingia kimya kimya. Iodini ni kitu kidogo sana ambacho tezi ya shingo inakitumia kutengeneza dawa ya kukuza mwili na akili. Asili yake kubwa ni bahari. Sisi tuko mbali na bahari, na mvua ya miaka mingi imeiosha kutoka udongo wetu. Wengine watasema, "Lakini tunakula samaki kila siku." Ndiyo, ila samaki wa ziwa hana iodini kama samaki wa bahari.

Ikikosekana, shingo inavimba. Hiyo ndiyo goita, na wazee wanaijua. Lakini shingo ni sehemu ndogo ya shida. Mama mwenye mimba akikosa iodini, mimba inaweza kuharibika, ama mtoto anazaliwa akili yake imefungwa, hasikii vizuri, hakui. Hakuna masomo yatakayorudisha kilichopotea tumboni. Katika kisiwa cha Idjwi, kwenye Ziwa Kivu, waganga walifanya utafiti miaka ya 1960 na 1970. Upande wa kaskazini wa kisiwa walikuta zaidi ya nusu ya watu wana goita, na watoto wengi waliozaliwa na ulemavu ule. Iodini ilikosekana kisiwa kizima, lakini kaskazini kulikuwa na jambo la pili: mihogo isiyolowekwa vizuri. Sumu ya mihogo michungu, ikishaingia mwilini, inageuka kitu kinachoizuia tezi kushika hata ile iodini kidogo iliyopo. Basi bamama, mambo mawili yaende pamoja: munyu wenye iodini, na mihogo iliyolowekwa siku zake zote kabla ya kuanikwa. Tusikate siku za kuloweka kwa sababu bei ya unga imepanda.

Ni tangu miaka ya 1990 ndipo inchi yetu ilipokataza munyu usio na iodini kuingizwa kwa ajili ya chakula. Sheria iko. Lakini sheria haikai jikoni. Iodini inakimbia ikipata jua, unyevu na hewa. Gunia likikaa wazi sokoni majuma mengi, mvua na jua, unaweza kununua munyu na iodini imekwisha kwenda. Kwa hiyo nunua wenye pakiti iliyofungwa, weka ndani ya chombo chenye kifuniko, mbali na moto, mahali pakavu. Usiuoshe. Na utie chunguni mwishoni, chakula kikikaribia kuiva, badala ya kuuchemsha saa nzima na maharagi.

Hapa mtu atauliza: mnatuambia tupunguze munyu, tena mnatuambia tule munyu wa iodini. Tufuate gani? Yote mawili. Munyu wenye milligramu 30 za iodini katika kilo moja, ukila gramu 5 tu, unapata mikrogramu 150, na hiyo ndiyo haja ya mtu mzima kwa siku. Mama mwenye mimba na anayenyonyesha anahitaji 250, kwa hiyo aulize kwenye kituo cha afya, asijiongezee munyu.

Tuje kwa tansio. Munyu ukizidi, unavuta maji ndani ya damu. Damu inakuwa nyingi katika mishipa ileile, moyo unasukuma kwa nguvu, mishipa inachoka, figo zinachoka. Siku moja mshipa wa kichwa unapasuka ama unaziba, na mtu aliyeamka mzima anapelekwa hospitali akiburuta mguu. Hapo watu wanaanza kutafuta nani amemloga. Wandugu, kabla ya kumshitaki jirani ama mama mkwe, tuulize kwanza kama yule mtu aliwahi kupimwa. Maana tansio haina maumivu. Wengi wanaishi nayo miaka bila kujua. Kipimo kikirudi mara kwa mara 140 juu ama 90 chini, hiyo ni tansio. Munyu si sababu peke yake: kuna umri, kuna ukoo, kuna pombe, kuna unene. Lakini munyu ndio ulio mikononi mwetu leo hii, bila kulipa kitu. Na aliyepewa vidonge asiviache kwa sababu anajisikia vizuri. Anajisikia vizuri kwa sababu ya vidonge.

Kuna upande wa kuponya pia. Kalemie tunaishi na kolera. Kila mwaka inatupitia. Mtu anayeharisha maji anapoteza maji pamoja na munyu, na anaweza kufa siku ileile. Mpe SRO ya pakiti. Ikikosekana, tengeneza nyumbani: litre 1 ya maji safi yaliyochemshwa na kupoa, vijiko 6 vya chai vya sukari, na nusu ya kijiko cha chai cha munyu, vyote visawazishwe juu kwa kisu. Onja kwanza: usipite chumvi ya machozi. Ukipita, mwaga, anza upya, maana munyu mwingi unamdhuru mtoto kuliko kuharisha kwenyewe. Mpe kidogo kidogo, mtoto aendelee kunyonya, na yale maji yasipite siku moja. Na wakati unampa, tayari mko njiani kwenda kituo cha matibabu. Maji hayo ni ya kumfikisha. Msikae nayo nyumbani.

Tunajua hapa kuna wanachama ambao kula yao ni samaki wa chumvi. Hatukuja kuharibu biashara ya mtu. Samaki wa chumvi ni chakula kizuri na anavumilia safari ya treni mpaka Kabalo. Tunachoomba ni kwa mpishi: loweka usiku, badilisha maji mara mbili ama tatu, na chungu hicho usikitie munyu tena wala maggi. Mchuzi utapata ladha kwa nyanya, kitunguu, ndimu na pilipili.

Baada ya maneno hayo watu waliuliza. Tunaandika matatu.

Mama mmoja: "Mimba yangu imefika miezi saba, miguu inavimba. Niache munyu kabisa?" Jibu: usiache kwa akili yako. Kuvimba pamoja na kichwa kuuma ama macho kuona giza inaweza kuwa tansio ya mimba. Nenda upimwe leo, si kesho.

Mzee mmoja: "Mimi nimekula munyu mingi miaka sabini, niko nguvu." Tulifurahi naye. Lakini tulimwomba apimwe palepale, naye akakubali.

Kijana mmoja: "Mtoto anaanza kula uji, nitie munyu kiasi gani?" Usitie. Mtoto mdogo hana haja ya munyu wa kuongezwa.

Mwisho, hesabu ya nyumba. Watu 6, gramu 5 kila mtu, ni gramu 30 kwa siku, gramu 900 kwa mwezi, na humo tumehesabu maggi na samaki, tena watoto wanahitaji pungufu. Nyumba ya watu 6 inayomaliza kilo mbili kwa mwezi imepita mbali. Andikeni tarehe juu ya pakiti siku mnapoifungua, mtaona wenyewe.

Mkutano ulikubali mambo mawili. Kese itanunua katoni za munyu wa pakiti wenye iodini kwa bei ya jumla, na wanachama watauchukua kwa bei ileile bila faida, wenye mimba wakiwa wa kwanza. Na kila mkutano utaanza kwa kupima tansio ya wote waliopita miaka 40, kabla ya michango kukusanywa. Tumerudi kwetu tukiwa hai. Tuchungane tuzeeke hapa.