Thamostati Iliyotupwa: Kwa Nini Magari Yetu Yanakula Mafuta

Mhadhara wa umma, Kampala



Nianze na kidude kinachoenea kiganjani. Kina kisahani cha chuma, springi, na ndani yake nta inayotanuka ikipata joto. Hii ndiyo thamostati. Miaka kadhaa iliyopita nilinunua Toyota Premio iliyotumika Japani, ikaingia kwa bandari ya Mombasa kama mengi ya magari yetu. Siku moja injini ikachemka nikipanda Wandegeya. Fundi alikitoa kidude hicho, akakitupa kwenye ndoo ya vyuma chakavu, akaniambia: “Mwalimu, hiki ni cha nchi za baridi.” Injini haikuchemka tena. Lakini lita iliyokuwa ikinipeleka kilomita 12 ikawa inanifikisha 9.

Injini ya petroli hupenda maji yake yawe na joto la nyuzi 80 hadi 95 hivi. Thamostati huyazuia yasiende kwenye rejeta mpaka yakaribie nyuzi 82. Ukiiondoa, maji hupita kwenye rejeta tangu unapowasha gari, na katika barabara iliyo wazi, kama ile ya Entebbe alfajiri, upepo huyapoza kupita kiasi. Petroli haigeuki mvuke vizuri ndani ya injini baridi. Sehemu yake hunata kwenye kuta ikiwa bado majimaji. Kompyuta ya gari inalijua hilo, kwa hiyo sensa ya joto ikiiarifu kwamba injini haijapata moto, huamuru nozeli zimwage petroli zaidi, kana kwamba gari limewashwa sasa hivi. Dereva hasikii mlio wowote. Na joto la Kampala, nyuzi 27 au 28 mchana, liko mbali sana na 82. Kwa injini, Kampala na Sapporo ya Japani zote ni nchi za baridi.

Simhukumu yule fundi. Alikuta thamostati imeganda kwa kutu, na kutu ililetwa na mimi niliyekuwa nikijaza rejeta maji ya bomba badala ya kipozeo chenye dawa ya kuzuia kutu. Kosa lilianza kwenye jerikani langu.

Zipo sababu nyingine za gari kula mafuta. Sensa ya oksijeni iliyochoka huidanganya kompyuta, nayo hupoteza kipimo cha gramu 14.7 za hewa kwa kila gramu ya petroli. Breki zinazobana huifanya injini isukume gari na breki kwa pamoja: ukifika nyumbani, sogeza mkono karibu na rimu za magurudumu yote manne, na kama moja linatoa joto zaidi kuliko mwenzake wa upande wa pili, umempata mwizi. Matairi yenye upepo mdogo pia hula. Lakini chujio la hewa, ambalo hubadilishwa kwanza kila mara, katika gari la nozeli likichafuka hupunguza zaidi nguvu kuliko kuongeza ulaji.

Kisha kuna foleni, na hapa lazima tulitendee gari haki. Likisimama Jinja Road injini ikiunguruma, linatumia mafuta kwa kilomita sifuri. Ndiyo maana naomba tupime kabla ya kununua spea. Jaza tenki mpaka pampu ijikate, nenda Masaka na kurudi bila haraka, jaza tena kwenye pampu ileile, kisha gawanya kilomita kwa lita. Kama huko linakwenda vizuri, mlaji ni foleni. Kama linakunywa hata huko, gari ni mgonjwa.

Sheria yetu ya 2018 ilizuia kuingiza magari yaliyofikisha miaka 15 tangu kutengenezwa. Naiunga mkono, ila inahesabu umri tu. Gari la miaka 8 lisilo na thamostati linaweza kulishinda kwa ulaji gari la aina ileile la miaka 14 lililotunzwa.

Mafundi wa Katwe, Ndeeba na Kisekka wanazijua injini hizi kwa mikono kuliko wengi wetu humu. Nakiomba chuo chetu kiwafungulie karakana yake na mashine za kusoma hitilafu, nao watufundishe wanayoyaona kila siku. Na wewe mwenye gari, kabla hujanunua plagi nyingine, muulize fundi wako thamostati yako iko wapi.