Maji Kwanza, Stima Baadaye

Mazungumzo na viongozi wa vikundi vinavyosindika maziwa

Mmetuomba tuzungumze juu ya hita ya stima, ile kubwa ya kuzungusha maji ya moto, kwa maana vikundi kadhaa vilivyo hapa vimeanza kuchanga pesa ya kuinunua. Hatukuja kuwafundisha kuifunga wenyewe. Hiyo ni kazi ya fundi wa stima mwenye leseni. Tunataka mjue anachotakiwa kufanya, ili mkisimama karibu naye muone kama kazi imefanywa au imerukwa.

Na tuanze na kosa letu wenyewe.

KOSA TULILOFANYA

Miaka michache iliyopita, kikundi kimoja cha akina mama kilikuwa kikichemsha maziwa kwa kuni. Moshi uliwaumiza macho, na kuni zilizidi kuwa ghali. Wakapata hita ya mtumba kutoka kiwanda kilichofungwa. Ilikuwa imekaa stoo kwa muda mrefu, na bei ilikuwa nzuri. Wakatuletea bajeti ofisini. Fundi alikuwa ameandika vitu vingi: waya wa arthi na fimbo yake, swichi ya kukata stima inayovuja, swichi ya kuangalia mwendo wa maji, na pesa ya kupima koili. Pesa hazikutosha. Sisi tukachukua kalamu, tukakata vitu hivyo, tukaandika pembeni, "Vitafuata baadaye." Kikundi kikatafuta fundi mwingine wa bei ya chini, naye akaunganisha hita bila kuuliza maswali.

Wiki ya pili, mama mmoja alikuwa anaosha mitungi ya maziwa, miguu ikiwa kwenye maji. Akataka kuteleza, akashika bomba la hita. Stima ikamshika. Bahati njema mwenzake alikuwa karibu na meni swichi, akaizima mara moja. Mama yule yuko hai, lakini kiganja chake kiliungua, na kwa miezi mingi hakuweza kukamua. Tulipomtembelea nyumbani hakutulaumu. Alituuliza tu, "Hivyo vitu mlivyokata vilikuwa vya pesa ngapi?" Jibu tulilijua. Vyote pamoja havikufika bei ya ng'ombe mmoja wa maziwa.

Ndiyo sababu leo tunasema hivi: kama kikundi hakina pesa ya vifaa vya usalama, basi hakina pesa ya hita.

HITA HII NI KITU GANI

Wengi wenu mnaijua ile koili ndogo ya kutumbukiza ndani ya ndoo. Hita tunayozungumzia ni bomba nene la chuma lenye koili kadhaa ndani yake. Pampu inasukuma maji, yanaingia upande mmoja, yanapita juu ya koili, yanatoka upande wa pili yakiwa moto. Kwa kazi ya maziwa, maji hayo huzunguka kati ya kuta mbili za sufuria kubwa, yakayapasha maziwa joto bila kuyaunguza. Kisha hurudi kwenye pampu na kuanza safari tena. Maziwa yakikaa kwenye nyuzi 63 kwa dakika 30, vijidudu vya magonjwa kama kifua kikuu na bruselosi hufa.

Hebu tupige hesabu. Tuseme mna lita 200 za maziwa na lita 100 za maji yanayozunguka, yote yakiwa na nyuzi 20. Kuyafikisha kwenye joto hilo kunahitaji kama unit 15 au 16 za stima. Hita ya kilowati 9 itachukua karibu saa moja na dakika 45, bila kuhesabu joto linalopotea njiani.

Kilowati 9 ni nguvu ya zaidi ya birika nne za stima zikichemka pamoja. Kwa laini moja ya volti 240, hita hiyo inavuta zaidi ya ampia 37. Soketi ya nyumbani ni ya ampia 13 tu. Ukiichomeka kwa waya wa ekstensheni, waya utayeyuka na nyumba inaweza kuungua. Kwa laini tatu za volti 415, kila laini inabeba kama ampia 12 na nusu. Kwa hiyo, kabla ya kununua, someni bamba la hita: ni volti ngapi, kilowati ngapi, laini moja au tatu? Kisha ulizeni Kenya Power kama laini yenu inaweza kubeba mzigo huo.

FUNDI NI NANI

Tangu sheria ya nishati ya mwaka 2019, leseni za mafundi wa stima nchini Kenya hutolewa na EPRA. Leseni zina madaraja. Anayeruhusiwa kufunga taa za nyumba huenda haruhusiwi kufunga mtambo wa laini tatu. Mwambieni awaonyeshe leseni yake, msome daraja na tarehe. Fundi mzuri hakasiriki akiulizwa. Akikasirika, mwachieni njia aende.

KUIWEKA MAHALI PAKE

Hita isiwekwe pale mnapoosha mitungi. Sanduku la waya lisifikiwe na maji ya mpira wala mvuke. Mbele ya upande unaotolewa koili, acheni nafasi ya urefu wa hita yenyewe, maana siku moja koili zitatolewa kusafishwa. Tumeona hita iliyobanwa ukutani hadi ikabidi ukuta uvunjwe.

Ikiwa imelazwa, midomo yake miwili iangalie juu, ili bomba libaki limejaa maji hata pampu ikizimwa. Kwa kawaida maji huingia kwa mdomo ulio karibu na sanduku la waya, kusudi maji yaliyopoa yapite hapo kwanza na sanduku lisipate joto jingi. Fuateni mshale na maagizo ya aliyeitengeneza. Mkifunga blanketi la kuzuia joto lisipotee, lisifunike sanduku la waya.

MAMBO YA MAJI

Koili ikiwa ndani ya maji yanayotembea, joto lake linachukuliwa. Maji yakisimama au yakipungua, joto linakosa pa kwenda. Koili inakuwa nyekundu na kuungua kwa muda mfupi, au maji yaliyofungiwa yanageuka mvuke. Mvuke unataka nafasi zaidi ya mara 1,600 ya ile ya maji. Hiyo ndiyo nguvu inayopasua bomba.

Kwa hiyo angalieni vitu hivi:

1. Chujio kabla ya pampu, ili takataka zisizibe njia.

2. Valvu ya kutoa hewa mahali palipo juu kabisa. Hewa ikikwama ndani ya hita, sehemu ya koili inabaki kavu.

3. Tangi dogo la kupokea maji yanayotanuka. Lita 100 za maji zikitoka nyuzi 20 kufika 80 zinaongezeka karibu lita 3. Hizo lita 3 lazima zipate pa kwenda.

4. Valvu ya usalama inayojifungua presha ikizidi. Kati yake na hita kusiwe na koki yoyote. Bomba lake lielekezwe chini, mahali mtu hasimami. Ikianza kudondosha, msiizibe kwa plagi. Inawaambia kuna shida, itafuteni.

Tena, ninyi wa nyanda za juu mkumbuke kwamba huko kwenu maji huchemka mapema. Kwenye mita 2,000 huchemka karibu nyuzi 93, si 100. Mwambieni fundi habari hiyo anapoweka kipimo cha joto la mwisho.

MAMBO YA STIMA

Ndani ya koili kuna unga mweupe unaozuia stima isiguse chuma cha nje. Unga huo unapenda unyevu kama chumvi. Hita ikikaa stoo kwa muda mrefu, hata ikiwa mpya, unga unanyonya unyevu na stima inaanza kuvuja. Hicho ndicho kilichotokea kwa mama tuliyewaeleza. Fundi ana mashine ya kupima jambo hilo kabla ya kuunganisha, mafundi huiita mega. Koili ikionekana ina unyevu, hukaushwa polepole na kupimwa tena. Kipimo hicho huchukua dakika chache tu. Msikubali kirukwe.

Waya wa arthi, ule wa kijani na manjano, ufungwe kwenye hita, pampu, sufuria na mabomba yote ya chuma, uende hadi kwenye fimbo iliyozama ardhini. Fundi aipime hiyo arthi kwa mashine, asiridhike kwa kuitazama.

Hita iwe na kikata stima chake peke yake. Pia iwe na swichi ya kukata stima inayovuja. Ile ya kulinda watu hukata stima ikivuja miliampia 30. Ina kitufe cha kujaribia. Kibonyezeni kila mwezi. Isipokata, iteni fundi.

Themostati ziwe mbili. Ya kwanza inafanya kazi ya kila siku. Ya pili ni mlinzi: ya kwanza ikikwama, huyu anakata stima, na haifunguki mpaka mtu aje kwa mkono wake. Mtu huyo aulize kwanza kwa nini imekata.

Mwisho ni swichi ya mwendo wa maji. Maji yasipotembea, hita isiwake. Sisi huku tunaijua stima yetu. Mara nyingine laini moja kati ya tatu inapotea, pampu inasimama inanguruma, huku hita ikiendelea kupata joto kwa laini zilizobaki. Swichi hii ndiyo inayowaokoa. Na stima ikipotea yote kisha ikarudi, mtambo usiwake wenyewe. Usubiri mtu abonyeze kitufe.

KUWASHA NA KUZIMA

Andikeni kwa herufi kubwa, mbandike ukutani:

KUWASHA: Jaza maji. Toa hewa. Washa pampu. Hakikisha maji yanarudi. Ndipo uwashe hita.

KUZIMA: Zima hita. Acha pampu izunguke dakika 10. Ndipo uzime pampu.

Siku ya kwanza, fundi awe hapo, naye aijaribu kila swichi ya usalama mbele yenu. Azime pampu makusudi, muone kama hita inakatika. Ashushe kipimo cha themostati ya mlinzi, muone kama inakata. Msimlipe pesa ya mwisho kabla ya kuona hayo kwa macho yenu.

KUITUNZA

Maji ya visima vingi yana chokaa. Chokaa hiyo hushika kwenye koili kama ile mnayoiona ndani ya birika, ikazuia joto lisitoke, na koili ikaungua. Tumieni maji ya mvua kama mnayo, na msibadilishe maji yanayozunguka bila sababu, kwa maana kila maji mapya huleta chokaa mpya. Koili zitolewe zikaguliwe kila mwaka.

Mtu akifungua sanduku la waya, meni swichi izimwe na kufungwa kwa kufuli, na ufunguo ukae mfukoni mwa yule anayefanya kazi. Usiachwe mezani.

Na mtu akishikwa na stima, usimguse. Kimbilia meni swichi. Ukishindwa kuifikia, simama pakavu umsukume kwa mti mkavu. Akiwa hapumui, anayejua kusaidia pumzi na kubonyeza kifua aanze hapo hapo, wengine watafute gari la hospitali.

KUMALIZA

Kile kikundi kilichoumia hakikuvunjika. Vitu vyote tulivyokuwa tumevikata vilinunuliwa, koili mpya zikawekwa, na kazi inaendelea. Yule mama yuko katika kamati. Bajeti yoyote ikiletwa, yeye ndiye huuliza ni kitu gani kimeondolewa, na ni nani amekiondoa. Tunawaomba kila kikundi kiwe na mtu wa kuuliza hivyo. Nasi ofisini tukija na kalamu yetu, tuulizeni pia.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Katika bajeti yetu, vifaa vya usalama viko wapi? Je, tumeandika "baadaye" mahali popote?

2. Ni nani kati yetu ataruhusiwa kuwasha hita, na nani atashika nafasi yake akiugua?

3. Meni swichi yetu iko wapi? Je, kila mwanachama anaweza kuifikia na kuizima, hata usiku?

4. Maji yetu yana chokaa? Tuangalie ndani ya birika zetu kabla ya mkutano ujao.