Mgonjwa Naye Apewe Jembe

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Leo naomba tulitazame neno hilo kwa upande wa mgonjwa, hasa mgonjwa wa aina yangu: yule asiyelala kitandani, asiye na kidonda wala bandeji, lakini ambaye kuteremsha sufuria ya wali jikoni kunamshinda.

Huu ni mwaka wa sita naishi na maradhi ya uvimbe wa misuli, ambayo madaktari huyaita polimaiositisi. Si maradhi ya kuambukiza, wala si ya kutupiwa na jirani. Chembe za damu zenye kazi ya kuulinda mwili dhidi ya vijidudu hugeuka na kuishambulia misuli ya mwili huo huo, kama askari wa lindo anayempiga mwenye nyumba. Misuli huwaka kwa ndani na nguvu hupungua wiki hadi wiki. Inayoumia zaidi ni ile ya mapaja, nyonga na mabega. Vidole aghalabu hubaki salama kwa muda mrefu.

Hapo ndipo fitina inapoanzia. Mtu atakuona asubuhi unasuka ukili au unashona vifungo, vidole vinakwenda mbio. Adhuhuri atakuona umekaa kwenye kigoda na huwezi kuinuka mpaka ushikwe mkono. Atasema, "Mbona kusuka anaweza, kuteka maji hawezi? Huyu ni mvivu tu." La hasha! Kusuka ni kazi ya vidole, kuinuka ni kazi ya mapaja. Asiyeweza kupandisha mikono kuchana nywele zake, au anayeshindwa na ngazi alizozipanda miaka yote, anahitaji kupimwa, si kusutwa. Damu yake ikipimwa, aghalabu kitaonekana kiasi kikubwa cha kimeng'enya ambacho misuli iliyojeruhiwa hukivujisha. Wengine hutokwa pia na madoa kwenye kope na vifundo vya vidole, na kwa sisi wenye ngozi nyeusi madoa hayo huwa ya kiza au zambarau, hata mtu akadhani ni mkorogo umemharibu.

Basi hilo la uvivu ni kosa la kwanza. Kosa la pili linatoka kwa watu wanaotupenda, na ndilo lililonileta mbele yenu leo. Wanangu walipopata habari ya maradhi yangu, walininyang'anya kila kitu, hata ufagio. "Mama, wewe pumzika." Nikiomba vitunguu nimenye, "Mama, pumzika." Nikawa mgeni katika nyumba niliyoijenga mwenyewe. Walifanya hivyo kwa mapenzi, na Mungu awalipe. Lakini msuli usiotumika husinyaa, na mtu asiye na kazi husinyaa kabla ya msuli wake.

Zamani hata madaktari wenyewe waliwakataza wagonjwa kama mimi mazoezi, wakihofia kuuchochea moto. Uchunguzi uliofanywa tangu miaka ya 1990 umeonyesha kwamba mazoezi ya kiasi, yanayopangwa na mtaalamu wa viungo, hayaongezi uvimbe, bali hurudisha nguvu. Maradhi yakipamba moto unapunguza. Yakitulia unaongeza kidogo kidogo. Kupumzika ni dawa, lakini nayo ina kipimo chake.

Sasa jembe lenyewe liwe la namna gani? Liwe jepesi. Siri niliyoipata ni kwamba kazi moja ina vipande vingi. Chukua wali wa nazi. Kuna kuchagua mchele, kukuna nazi, kukamua tui, kuteka maji, kuinua sufuria. Kuchagua mchele na kukamua tui ni kazi ya vidole, tena unaweza kuifanya umeketi mezani: hiyo niachie mimi. Mbuzi ya kukunia nazi iko chini mno kwa mapaja yangu, na sufuria ni nzito kwa mabega yangu: hizo apewe kijana. Wali ukiiva tumeupika wote wawili.

Pili, inua vitu ili mtu asilazimike kuinama. Weka matofali chini ya miguu ya kiti na ya kitanda, lakini yawe imara yasiyoyumba. Weka beseni la kufulia juu ya meza. Choo cha kuchuchumaa kikikushinda, seremala wa mtaani anaweza kukutengenezea kiti chenye tundu, na heshima yako ikarudi. Ukichana nywele, egemeza viwiko mezani.

Tatu, punguza uzito. Ndoo ya lita 20 ikijaa maji ina kilo 20 na zaidi. Vidumu vya lita 5 vitaongeza safari, lakini utafika. Kwenye ngazi, mguu wenye nguvu utangulie kupanda, na ule dhaifu utangulie kushuka, mkono ukishika ukuta au reli. Daladala zenye ngazi ndefu ni mtihani kwetu, tena asubuhi watu wanapogombea mlango. Mabasi ya mwendo kasi, yaliyoanza Dar es Salaam mwaka 2016, yalijengewa vituo ambavyo sakafu yake inalingana na ya basi. Wengi huona hiyo ni fahari ya jiji tu. Kwa mtu mwenye mapaja mabovu, hiyo ndiyo tofauti ya kwenda kazini na kubaki nyumbani.

Nne, pumzika kabla hujachoka. Nguvu zetu ni kama mshahara mdogo: ukiumaliza tarehe 5, mwezi mzima utakopa. Ukifagia chumba, keti. Ukifua, anika kesho shuka lililobaki.

Naomba pia niseme habari ya dawa. Mwaka 1948 huko Marekani, Daktari Philip Hench na wenzake walimdunga kotisoni mgonjwa wa baridi yabisi aliyeshindwa kutembea, na baada ya siku chache akatembea. Mwaka 1950 Hench na wanasayansi wengine wawili walipewa Tuzo ya Nobeli. Prednisoloni tunayomeza leo ni ya ukoo huo. Inazima moto, lakini ina gharama zake: huweza kupandisha sukari, kudhoofisha mifupa, na ikitumika kwa wingi na kwa muda mrefu, hudhoofisha mapaja yale yale. Hata hivyo, usiiache ghafla kwa kuwa umepata nafuu au kwa kuwa jirani amekutisha. Mwili ulioizoea husahau kutengeneza homoni yake wenyewe, na kuiacha ghafla kunaweza kuua. Hupunguzwa hatua kwa hatua, na daktari. Na mgonjwa wa misuli akianza kupaliwa kila anapokula, au kukosa pumzi, asingoje siku ya kliniki. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Ndugu msikilizaji, pengine nyumbani kwako yuko mtu wa namna hii: shangazi, kaka, au mama mkwe. Usimwite mvivu. Lakini pia usimweke mkekani kama mzigo uliofikishwa. Muulize, "Leo utashika kipande gani?" Siku nyingine atakwambia, "Leo siwezi chochote," umwamini. Siku nyingine atasema, "Nipe mchele nichague." Mpe, kisha mwache amalize kwa mwendo wake, hata kama wewe ungemaliza kwa dakika tano.